Kufunika lundo la mboji ili nitrojeni isitoroke: mwongozo kamili

Wengi wanaolalamika kwamba mboji yao haina nguvu wamefanya karibu kila kitu sawasawa. Samadi ilikuwepo, majani makavu yalikuwepo, lundo lilipata joto, likapoa, likawa jeusi. Ukiwauliza walilifunika kwa kitu gani, jibu huwa moja kati ya mawili. Ama hawakufunika kabisa, ama walilifunga kwa nailoni tangu siku ya kwanza na kupanga mawe pembeni pote, hewa isipate pa kupita. Wa kwanza nitrojeni yao imeondoka na upepo na mvua. Wa pili waliizuia kwa muda, kisha ikawatoka kwa mkupuo siku ya kugeuza, na katikati ya lundo wakakuta uozo unaonuka.

Kinachokosewa ni hiki: lundo huhitaji vifuniko tofauti kwa nyakati tofauti. Nitrojeni haitoki kwa njia moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kinachofaa wiki ya kwanza kinaweza kuharibu kazi mwezi wa pili.

Hasara yenyewe si ndogo. Chukua kilo 300 za samadi kavu ya kuku yenye nitrojeni asilimia 3. Hapo una kilo 9 za nitrojeni. Kupoteza nusu yake wakati wa kuozesha ni jambo la kawaida kabisa, na hiyo nusu, kilo 4.5, ni sawa na karibu kilo 10 za urea, maana urea ina nitrojeni asilimia 46.

Vitu vya kuandaa

Viandae vyote kabla hujaanza kujenga lundo, kwa sababu kufunika kunafanyika siku ileile ya kujenga.

- Samadi au mabaki mabichi ya mimea.
- Vitu vikavu: majani makavu, nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa, maranda ya mbao. Kiasi kimeelezwa katika hatua ya 1.
- Matawi na vijiti vinene vya kutandika chini.
- Mboji ya zamani iliyokomaa, ya kutosha kufunika lundo zima kwa unene wa sentimita 10 hadi 15. Kama ndiyo mara yako ya kwanza na huna, changanya nyasi kavu zilizokatwa fupi na udongo wa juu wa shamba.
- Kitambaa kinachopumua: magunia ya katani, au viroba vilivyofumwa vikachanwa na kushonwa pamoja.
- Turubai lisilopitisha maji, pamoja na fito za kulisimamishia.
- Kipimajoto chenye mkono mrefu. Ukikikosa, kipande cha nondo kitakusaidia.
- Vipande vichache vya karatasi nyekundu ya litimasi, ambayo hugeuka bluu ikiguswa na amonia.
- Jembe uma, chepe, ndoo, maji, glavu na barakoa.

Milango mitatu ya kutokea

Soma sehemu hii hata kama una haraka. Bila kuielewa, hatua zinazofuata zitaonekana ni masharti tu, na masharti yasiyoeleweka ndiyo huachwa kwanza.

Mlango wa kwanza uko juu. Vijidudu vinapovunja protini na mkojo, nitrojeni hugeuka kuwa amonia. Ikiwa ndani ya maji ya lundo, sehemu yake hukaa kama amonia iliyochajiwa, inayojulikana kama amoniamu, ambayo hairuki. Sehemu nyingine ni gesi, na hiyo ndiyo inayochoma pua. Mgawanyo kati ya hizo mbili unategemea joto na pH, yaani kipimo cha uchachu (uchachu ukipungua, pH hupanda): joto au pH ikipanda, sehemu ya gesi huongezeka. Katika maji yenye pH 8 na nyuzi 25 za Selsiasi, sehemu iliyo gesi ni kama asilimia 5 tu. Pandisha joto lifike nyuzi 60, pH ikiwa ileile, na sehemu hiyo inafika karibu theluthi moja. Lundo changa lina joto hilo, na pH yake hupanda yenyewe kuvuka 8. Ndiyo maana sehemu kubwa ya amonia hutoka katika wiki mbili tatu za mwanzo.

Mlango wa pili uko chini. Lundo likishapoa chini ya nyuzi 40 hivi, bakteria wengine huanza kugeuza amoniamu kuwa nitriti, kisha nitrati. Mimea huipenda nitrati, lakini nitrati haishikwi na chochote. Mvua ikipenya, inashuka nayo hadi ardhini na inaweza kufika kwenye maji ya visima.

Mlango wa tatu hauonekani wala hauna harufu utakayoisikia. Nitrati ikikutana na sehemu yenye maji mengi na hewa kidogo, kuna bakteria wanaoitumia badala ya oksijeni, na katika kufanya hivyo hutoa oksidi ya nitrasi. Kwa mujibu wa tathmini ya sita ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ya mwaka 2021, kilo moja ya gesi hii hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. Pia huharibu tabaka la ozoni.

Mahali palepale palipokosa hewa hutoka na metani. Hii haibebi nitrojeni, lakini kwa kipimo hichohicho ina nguvu ya takriban mara 27 ya hewa ukaa.

Hapa ndipo pua inapowadanganya watu. Ukifunga lundo kwa nailoni, harufu ya amonia inapungua, nawe unaamini umeshinda. Ndani yake metani inaendelea kutengenezwa, na hiyo huwezi kuinusa. Kwa hiyo usiipime kazi yako kwa harufu peke yake. Angalia maji na hewa.

Hatua ya 1: Sawazisha mchanganyiko

Hakuna kifuniko kitakachookoa lundo lenye nitrojeni kupita kiasi. Vijidudu huhitaji sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Kaboni ikipungua, hawana cha kuijengea miili yao, na nitrojeni inayobaki inarushwa kama amonia.

Samadi ya kuku ina uwiano wa karibu 10 kwa 1, ya ng'ombe karibu 20 kwa 1. Majani makavu ni kati ya 40 na 80 kwa 1, na maranda yanavuka 200. Kwa vipimo vya ndoo, anza hivi: ndoo moja ya samadi ya kuku kwa ndoo tatu au nne za vitu vikavu, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe kwa ndoo moja au mbili. Usitegemee maranda peke yake. Kaboni yake imejifungia kwenye mbao na hutoka polepole mno kuweza kuikamata amonia ya wiki ya kwanza. Changanya na majani au nyasi.

Maji: fumbata konzi moja ya mchanganyiko kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Ukifungua mkono na konzi ikasambaratika, ongeza maji.

Onyo: usitie majivu wala chokaa kwenye lundo lenye samadi mbichi. Watu huyatia wakidhani wanaondoa uchachu au inzi. Yote mawili hupandisha pH, na umeshaona pH ikipanda kinachotokea. Dakika chache baada ya kumwaga majivu juu ya samadi ya kuku iliyolowa, harufu inabadilika na macho yanaanza kutoa machozi. Hiyo ni nitrojeni yako inaondoka.

Utajua umefaulu: mchanganyiko unanuka samadi kidogo lakini hauchomi pua, na ukiukamata unabonyea kama sifongo. Ukishikana kama tope, haujakaa sawa.

Hatua ya 2: Tengeneza kitako

Chagua mahali palipoinuka kidogo, mbali na kisima na upande wa chini yake. Tandika matawi na vijiti kwa unene wa sentimita 15 hadi 20.

Sababu ni mwendo wa hewa. Hewa ya moto hupanda katikati ya lundo na kutokea juu, ikiivuta hewa baridi kuingia kutoka chini na pembeni. Kitako cha vijiti ndicho pua ya lundo. Ukikiziba kwa udongo au kwa ncha za turubai, lundo litaishiwa oksijeni hata kama juu umefunika kwa kitambaa kizuri kuliko vyote.

Hatua ya 3: Jenga, kisha livike blanketi siku hiyohiyo

Jenga lundo lenye kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 na upana wa kama mita 1.5 chini. Likiwa dogo kuliko mita moja ya ujazo, halishiki joto. Likiwa refu mno, linajigandamiza lenyewe na kuziba hewa. Usilikanyage.

Sasa lifunike juu na ubavuni kwa mboji iliyokomaa, unene wa sentimita 10 hadi 15. Acha sentimita 20 za chini wazi ili kitako kipumue. Nyunyizia blanketi hili maji kidogo, liwe na unyevu wa udongo uliotoka kupaliliwa baada ya mvua.

Katika mwongozo wote huu, ukibaki na uwezo wa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Blanketi la mboji hufanya kazi tatu ambazo nailoni haiwezi. Mboji iliyokomaa ina chaji hasi zinazoishika amoniamu. Ni baridi kuliko kiini cha lundo na pH yake iko chini zaidi, kwa hiyo amonia inayopanda kama gesi ikifika hapo hurudi kuwa amoniamu na kunaswa. Na ndani yake wanaishi bakteria wanaokula metani, ambao huigeuza kuwa hewa ukaa kabla haijatoka nje. Yote hayo yakiendelea, hewa bado inapita.

Udongo na nyasi kavu hufanya sehemu ya kazi hiyo, si yote. Lundo lako la kwanza litakupa blanketi la pili.

Utajua umefaulu: inama juu ya lundo siku ya pili. Unatakiwa kusikia harufu ya udongo. Sasa ingiza vidole kwa kina cha sentimita 15, fukua kidogo, nusa tena. Amonia itakugonga. Tofauti kati ya pumzi hizo mbili ndiyo kipimo cha blanketi lako.

Onyo: blanketi likikauka likawa vumbi, halishiki amonia tena. Jua kali linaweza kulikausha kwa siku mbili tatu. Ndiyo kazi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Ongeza kitambaa kinachopumua

Juu ya blanketi tandaza magunia au viroba vilivyofumwa. Kitambaa hupunguza upepo unaofagia gesi juu ya lundo, huzuia jua lisilikaushe blanketi, na hufanya mvua ya kawaida iteremke ubavuni kuliko kuzama ndani. Kileleni pawe na mgongo kama paa, pasiwe na bonde la kutuamisha maji.

Kizuie kwa mawe machache au vigingi, huku ncha za chini zikiachwa juu ya kitako.

Na kama una turubai tu? Tumia, lakini lisiguse lundo. Chomeka fito pande mbili, zipinde au uzifunge ziungane juu, kisha tandaza turubai liwe kama hema lenye nafasi ya sentimita 15 au 20 juu ya blanketi, pande za mwisho zikiwa wazi. Hapo turubai ni paa. Likishalalia lundo na kubanwa ardhini pande zote, limekuwa mfuko.

Kuna viwanda vya mboji vinavyotumia utando maalumu wenye vitundu vidogo sana, unaoruhusu hewa na mvuke kupita huku ukizuia maji, na chini ya lundo wanasukuma hewa kwa feni. Wanaweza kufunika kabisa kwa sababu ya feni hizo. Usiige picha ya lundo lao lililofunikwa gubigubi kama huna kinachosukuma hewa chini.

Hatua ya 5: Kagua kuanzia siku ya tatu

Funua kitambaa asubuhi kungali na baridi. Upande wake wa chini utakuta matone yamejipanga kwenye nyuzi, mengine yanadondoka ukikitikisa. Gusisha karatasi nyekundu ya litimasi kwenye tone moja. Itageuka bluu. Matone hayo ni mvuke wa lundo ulioganda pamoja na amonia, kwa sababu amonia huyeyuka kwenye maji kwa urahisi sana. Yakidondoka, yanairudisha nitrojeni kwenye blanketi. Kwa hiyo usikikung'ute kitambaa pembeni. Kitikisie juu ya lundo lenyewe.

Kisha pima joto katikati, kina cha sentimita 50 hivi.

Kati ya nyuzi 55 na 65, endelea. Hapo vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu zinakufa.

Zaidi ya 65, amonia inaondoka kwa kasi na hata vijidudu unaowahitaji wanaanza kufa. Toboa matundu kwa mti mnene, mwagia maji kidogo, na kama umeweka kitambaa mikunjo miwili, toa mmoja.

Chini ya 45 katika wiki ya kwanza, huenda lundo ni dogo, kavu, limelowa, au halipati hewa. Fumbata konzi kama katika hatua ya 1 kabla ya kuamua lolote.

Wa nondo: iache ndani dakika kumi, itoe, ishike upande uliokuwa ndani. Usipoweza kuendelea kuishika, lundo lina joto la kutosha.

Mwisho, shika karatasi nyekundu iliyoloweshwa maji safi juu kidogo ya blanketi, bila kugusa kitu, kwa dakika moja. Ikibaki nyekundu au ikibadilika kidogo tu, blanketi linafanya kazi. Ikigeuka bluu upesi, ongeza sentimita tano za mboji na uinyunyizie maji.

Hatua ya 6: Geuza kwa mpango

Kila ukigeuza, gesi iliyokuwa imenaswa ndani ya lundo inapata njia. Lakini usipogeuza, ubavu hautaiva na kiini kitaishiwa hewa. Kwa lundo la ukubwa huu, mara tatu au nne zinatosha: ya kwanza joto likishaanza kushuka, kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi, kisha kila baada ya wiki moja au mbili. Kugeuza kila siku mbili, kama wengine wanavyofundisha, huharakisha kuoza na kuigharimu nitrojeni.

Utaratibu ni huu:

1. Chagua asubuhi tulivu isiyo na upepo. Vaa barakoa na glavu, kwa sababu mboji hubeba chembe za kuvu zinazodhuru mapafu.
2. Kwangua blanketi lote la mboji na uliweke kando.
3. Geuza lundo upesi, cha nje kiingie ndani na cha ndani kitoke nje. Palipokauka nyunyizia maji.
4. Rudisha blanketi juu, kisha kitambaa, papo hapo. Usiliache wazi ukaenda kula.

Namba mbili ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ina sababu nzito. Blanketi ni baridi, kwa hiyo bakteria wa nitrati wameshaanza kazi humo. Ukilichanganya na kiini cha moto, kilicholowa na chenye chakula kingi lakini oksijeni kidogo, umewapelekea wale bakteria wa mlango wa tatu nitrati mikononi mwao. Gesi itakayotoka ni oksidi ya nitrasi, na hutaisikia. Kulikwangua ni kazi ya dakika kumi.

Onyo: blanketi lililogusana na samadi mbichi usilipeleke moja kwa moja kwenye bustani ya mboga. Litunze kwa lundo lijalo.

Utajua umefaulu: joto linapanda tena ndani ya siku mbili tatu baada ya kila kugeuza, kila mara likifika chini kidogo ya mara iliyotangulia. Ukifukua, kila mahali pana rangi ya kahawia na unyevu unaofanana. Mabaka meusi yenye utelezi na harufu ya yai bovu yanakuonyesha mahali palipokosa hewa. Yavunjevunje kwa jembe uma na uchanganye na nyasi kavu.

Hatua ya 7: Badilisha kifuniko lundo likipoa

Baada ya wiki tano hadi nane utageuza na joto halitapanda tena kuvuka nyuzi 40. Wengi hapa huona kazi imekwisha, wanavua vifuniko vyote na kuliacha lundo kwenye mvua miezi miwili. Hapa ndipo mboji iliyohangaikiwa vizuri inapoharibikia.

Mambo yamegeuka. Amonia imepungua, kwa hiyo mlango wa juu umejifunga wenyewe. Sasa nitrati inatengenezwa kwa wingi, na adui ni maji. Mvua moja kubwa inaweza kuisomba nitrati iliyochukua wiki nzima kutengenezwa, na potasiamu nayo inaondoka pamoja nayo. Ikituama ndani badala ya kupita, unafungua mlango wa tatu.

Sasa ndiyo zamu ya turubai. Lisimamishe kwenye fito kama paa, mteremko ukiangalia upande wa mfereji, pande zikiwa wazi upepo upite. Chimba kijifereji kuzunguka lundo ili maji ya juu ya ardhi yasiingie chini. Blanketi unaweza kuliondoa. Kitambaa kinachopumua kiache kama jua ni kali.

Unyevu uwe pungufu kuliko mwanzo. Ukifumbata, mkono ulowe bila tone kudondoka. Usikaushe kabisa, kwa maana bakteria wa nitrati nao wanahitaji maji. Acha hivyo mwezi mmoja hadi miwili.

Turubai la plastiki lichunguze kila mwezi. Jua huliozesha, nyuzi zake zikaanza kupukutika na kuingia kwenye mboji, na plastiki ikishaingia shambani hakuna namna ya kuitoa. Likianza kuchanika ukilivuta kwa vidole, libadilishe.

Hatua ya 8: Pima ukomavu kabla ya kutumia

Jaza mboji yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kivulini siku tatu hadi saba. Ufungue na unuse. Harufu ya udongo inaonyesha imekomaa. Harufu kali au ya uchachu inaonyesha bado inaoza. Irudishe chini ya paa wiki tatu.

Kisha panda mbegu zinazoota upesi katika chombo chenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na nyingine kwenye udongo mtupu. Zikiota sawa, amonia iliyobaki haitoshi kudhuru mizizi.

Ukihifadhi, tumia viroba vilivyofumwa, juu ya mbao, chini ya paa. Mboji yenye unyevu ikifungiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa hurudi kuoza bila oksijeni. Na ukilazimika kuitumia kabla haijakomaa, ifukie kwenye udongo siku hiyohiyo. Amonia iliyobaki ikiachwa juu ya ardhi inaruka.

Matatizo yanayojirudia

Amonia inachoma pua ijapokuwa umeweka blanketi. Pima joto kwanza. Kama liko chini ya 65, tatizo ni mchanganyiko: geuza na uongeze nyasi au majani makavu. Kuongeza vifuniko juu ya mchanganyiko mbaya kunaahirisha tu hasara hadi siku ya kufunua.

Harufu ya yai bovu, na maji meusi yanachuruzika chini. Limelowa na halipumui. Funua, geuza siku hiyohiyo, weka vijiti vipya kwenye kitako na vikavu vingi ndani. Hayo maji meusi yana nitrojeni. Yakinge kwenye ndoo na uyarudishe kwenye vitu vikavu vya lundo jipya.

Katikati pameota kitu cheupe kijivu kama majivu na pamekauka. Hao ni vijidudu wa kawaida wa joto, hawana madhara kwa mboji. Ila wanakuambia lundo limekauka. Mwagia maji polepole huku ukigeuza, kwa kuwa ukimwaga juu tu, maji yatapita pembeni mwa sehemu iliyokauka.

Mvua ya siku nyingi mfululizo wakati lundo lingali la moto. Weka paa la turubai juu ya kitambaa, kwa nafasi ileile ya sentimita 15 au 20, na uliondoe mvua ikikatika. Wakati wa mvua usigeuze. Lundo lililolowa ukiligeuza chini ya mvua linameza maji zaidi na kushikamana, na litachukua wiki mbili kurudi katika hali yake.

Lundo linatoa moshi mwingi asubuhi. Huo ni mvuke. Weka karatasi nyekundu iliyoloweshwa ndani yake. Ikigeuka bluu papo hapo, blanketi limepasuka au limetelezeka kileleni, na mara nyingi utakuta mpasuko wa upana wa kiganja tu. Uzibe kwa konzi chache za mboji yenye unyevu, subiri dakika chache, kisha pima tena palepale.